Moshi Kabla ya Maziwa

Kazi huanza kabla mnyama hajasogezwa. Mama huchagua kijiti cha mti mgumu, hukiweka motoni mpaka ncha igeuke kaa jekundu, kisha hukitia ndani ya chombo cha maziwa na kukizungusha taratibu, akisugua kuta na kitako. Vipande vya makaa vikikatika hubaki humo, kifuniko hufungwa, na moshi huachwa ufanye kazi yake. Baadaye kifuniko hufunguliwa, majivu hukung'utwa, na ndani hupanguswa. Chombo hutoka kikavu, kina joto, cheusi kwa ndani, na kimekolea harufu ya moshi. Hapo ndipo kinapopelekwa zizini.

Kwa Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kufukiza vyombo vya maziwa ni kazi ya kila siku, na pengine kwa sababu hiyo haikuandikwa sana. Historia ya Kaskazini Mashariki iliyomo vitabuni ni ya mipaka, operesheni za kijeshi na ukame. Kazi hii ya wanawake, ambayo vizazi vya watoto viliishi kwayo, hupewa mstari mmoja au hurukwa kabisa. Inastahili zaidi ya hapo, hasa leo, wakati mama wa Garissa anaposhika pampu ya plastiki ya kukamulia maziwa yake mwenyewe na kujiuliza ataitakasa vipi.

Wenyeji wa kaskazini hawako peke yao katika desturi hii. Wakalenjin husugua ndani ya kibuyu cha mursik kwa kaa la mti wa senetwet. Wamaasai hutumia mzeituni-mwitu, wanaouita oloirien. Waborana, majirani wa Wasomali upande wa Isiolo, Marsabit na Wajir, nao huupenda mzeituni huo pale unapopatikana. Ila sehemu nyingine za Kenya zilikuwa na mito na chemchemi karibu. Kaskazini Mashariki moto ulipewa kazi ambayo kwingine ilifanywa na maji.

Kuosha chombo cha maziwa kunataka maji mengi kuliko anavyodhani mtu aliyezoea bomba. Kuna maji ya kutoa mabaki, maji ya sabuni, na maji ya kusuuza. Sasa fikiria familia iliyohamia malishoni na ngamia wake, kisima kiko mwendo wa siku nzima au zaidi, na maji yote ya nyumba yamebebwa mgongoni mwa ngamia ndani ya haan, vile vyombo vikubwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea. Ngamia aliyepata majani mabichi hukaa wiki na zaidi bila kunywa, na kuna majira ambayo watu wenyewe walikata kiu kwa maziwa yake. Kumwaga maji ya haan kwa ajili ya kusuuza chombo hakukuwezekana.

Tena maji yenyewe hayakuwa safi. Maji ya silanga, ambayo ng'ombe na mbuzi wanaingia mpaka magotini, yakitumika kusuuza chombo yanaweza kuingiza uchafu mwingi kuliko yanaoutoa. Moto ulitatua mambo mawili kwa mpigo: uliokoa maji, na ulikwepa maji mabaya. Katika mazingira yale hiyo ilikuwa njia bora, na walioibuni hawakuhitaji hadubini kujua kwamba maziwa yaliyotiwa katika chombo kisichofukizwa huharibika haraka.

Vyombo vyenyewe vilitengenezwa vikiutarajia moshi. Dhiil ya Kisomali, chombo cha maziwa cha nyumba, husukwa kwa nyuzi za mizizi au magome zilizobanwa mpaka zisivuje, au huchongwa kwa mti. Usukaji ni kazi ya wanawake, na vyombo hivyo ndivyo mali ambayo bibi arusi aliingia nayo katika nyumba yake mpya. Nyuzi zinanyonya mafuta ya maziwa, moshi unaziba matundu madogo, na kadiri miaka inavyopita ndani panajengeka tabaka gumu jeusi. Chombo kilichotunzwa huwa bora kuliko kipya.

Sayansi ya jambo hili imefahamika vizuri. Joto la kaa hukausha chombo, na bakteria wengi hushindwa kuzaana pasipo unyevu. Moshi wa mti mgumu hubeba fenoli, asidi na kemikali kama formaldehaidi, ambazo huua au kudumaza vijidudu na kuchelewesha mafuta ya maziwa kuchacha. Watafiti waliochunguza biashara ya maziwa ya ngamia Isiolo waliorodhesha miti inayopendwa: mzeituni-mwitu, jamii za mgunga, Balanites na Combretum. Kila mti una ladha yake, na mama mzoefu anaweza kuonja maziwa akataja mti uliotumika.

Lakini moshi haukukusudiwa kuua kila kilicho hai. Katika nyuzi za chombo hubaki bakteria ambao kazi yao inatakiwa. Maziwa ya ngamia yakiachwa humo siku moja au mbili kwa joto la kawaida, hugeuka suusac, maziwa mala mepesi yenye ukali na harufu ya moshi. Mwaka 2005 watafiti Lore, Mbugua na Wangoh walichapisha majina ya vijidudu walivyovikuta ndani ya suusac ya Kenya. Miongoni mwao walikuwa Lactobacillus plantarum na Leuconostoc mesenteroides, jamaa wa wale wanaochachusha vyakula vingi duniani. Asidi wanayoitoa huzuia wengi wa bakteria wabaya. Kwa hiyo mama aliyefukiza dhiil alikuwa akichagua: hawa watoke, wale wabaki. Ngamia naye alimsaidia, kwa kuwa maziwa yake yana lisozaimu na laktoferini, protini zinazoyafanya yakae muda mrefu kuliko ya ng'ombe kabla ya kuharibika.

Ni vyema pia kusema wazi kwamba moshi una madhara yake. Moshi wa kuni una hidrokaboni za aina zinazojulikana kusababisha saratani, na masizi yanayomeguka ndani ya maziwa si kitu cha kusifiwa. Desturi inaweza kuheshimiwa bila kufichiwa kasoro.

Mwaka 1925, katika nyanda za juu za walowezi, kilianzishwa chama cha ushirika cha maziwa, Kenya Co-operative Creameries, kilichojulikana kwa wote kama KCC. Nyuma yake kulikuwa na reli, makopo ya chuma, maji ya bomba na boila za mvuke. Mwaka huohuo Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na mpaka ukasogea ukawa karibu zaidi na mto Tana. Mwaka uliofuata, 1926, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilitangazwa kuwa eneo lililofungwa, kwa mamlaka ya sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mifugo yake ilizuiwa mara kwa mara na karantini isifike masoko ya kusini.

Matokeo yake kwa maziwa yalikuwa rahisi kuyaona. Kusini, maziwa yaligeuka bidhaa, yakapata wakaguzi, sheria na viwanda. Kaskazini yalibaki chakula cha nyumba. Ujuzi wa kuyalinda ulibaki mikononi mwa wanawake peke yao, na serikali haikuuliza maziwa yanalindwaje.

Uhuru haukubadilisha hali hiyo upesi. Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliundwa 1963, Garissa ikawa makao yake makuu, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaanza. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya watu katika vijiji vya lazima, mifugo ikakosa malisho, mingine ikachukuliwa au kuuawa. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza mapigano, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea mpaka 1991. Kisha kukaja ukame wa miaka ya katikati ya 1970, na ule wa 1984, na ule wa 1991 na 1992. Kila pigo lilisukuma familia nyingine pembeni mwa miji. Mabula ya Garissa, yaani mitaa iliyojaa nyumba za miti na makuti na baadaye za mabati, yalikua kwa watu waliopoteza wanyama.

Mwanamke aliyefika mjini bila ng'ombe hakufika mikono mitupu. Alikuwa na ujuzi wa maziwa, na alikuwa na jamaa waliobaki malishoni na wanyama. Kutokana na viwili hivyo ilizaliwa biashara ya maziwa ya mjini, ambayo mpaka leo imeshikwa na wanawake. Dada yuko malishoni, shangazi yuko kituo cha gari barabarani, binamu yuko sokoni. Maziwa hupita mkono kwa mkono, na malipo hurudi njia ileile, mara nyingi bila karatasi. Mteja wa Garissa akija hunusa, huonja tone, kisha hununua. Harufu ya moshi ndiyo muhuri wa ubora. Humwambia kwamba aliyeyatuma alikitunza chombo. Tatizo ni kwamba moshi mkali huweza pia kuficha ladha ya maziwa yaliyoanza kuharibika, na wanunuzi wazoefu wanalijua hilo.

Kisha likaja plastiki.

Mtungi wa mafuta ya kupikia, wa manjano au mweupe, uliokwisha kazi yake ya kwanza, ulikuwa na kila sifa ambayo mfanyabiashara anaitaka. Ni mwepesi, haupasuki ukianguka, hufungwa kwa kamba juu ya lori au chini ya kiti cha basi, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kopo la alumini. Dhiil husukwa kwa wiki kadhaa na hubeba maziwa ya nyumba moja. Mtungi wa lita ishirini hununuliwa asubuhi na kusafiri jioni. Bila mtungi huo maziwa ya ngamia ya Isiolo yasingefika Eastleigh, Nairobi, kwa wingi yanavyofika, na wanawake kama wale wa ushirika wa Anolei wa Isiolo wasingejenga biashara yao.

Lakini mtungi uliondoa nusu ya ulinzi. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Ndani pana pembe na mpini ulio wazi, na maziwa hukaa humo. Brashi au mchanga ukitumika kusugua, plastiki huchubuka, na kila mchubuko ni maficho ya bakteria wanaojijengea utando usiotoka kwa kusuuza tu. Kaa jekundu haliwezi kuzungushwa ndani yake kama katika dhiil, litaiyeyusha. Wanawake walijaribu kuuhamishia ujuzi wao: huelekeza moshi mdomoni mwa mtungi na kuufunika kwa muda. Harufu inapatikana. Joto na ukavu, vitu vilivyokuwa vikifanya kazi kubwa, havipatikani.

Matokeo yake yameonekana maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliofuatilia maziwa ya ngamia Isiolo, na kuchapisha kazi yao 2011, walikuta vijidudu vikiongezeka hatua kwa hatua kutoka kwa mnyama mpaka sokoni. Maziwa hutoka kwa ngamia mwenye afya yakiwa karibu safi. Hupata uchafu kwenye mikono, kwenye vyombo, na kwenye saa nyingi za jua kali. Sheria za Kenya hutaka maziwa yabebwe katika vyombo vya chuma vinavyofaa chakula, lakini kopo la alumini ni ghali, na lina uzito hata likiwa tupu. Mama anayelipa nauli ya kila mtungi hulipiga hesabu hilo kabla ya kuisikiliza sheria.

Njia nyingine ya ulinzi, kuchemsha maziwa yenyewe, ilikuja kwa mshtuko. Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliifunika Garissa kwa maji, mbu wakazaana, na homa ya Bonde la Ufa ikaingia kwa mifugo na watu. Wachunguzi walikadiria baadaye kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Desemba 2006 ikarudi, ikianzia tena Garissa, na kabla ya kuisha iliua zaidi ya watu 150 nchini. Maafisa wa afya walipita na ujumbe uleule: msiguse mnyama mgonjwa, msichinje, chemsheni maziwa. Ugonjwa wa bruselosisi, unaojulikana kwa homa zisizoisha na maumivu ya viungo, ulikuwa tayari sababu ya kutosha ya kuchemsha maziwa.

Ujumbe huo uligongana na imani yenye mizizi. Maziwa ya ngamia kwa Wasomali wengi ni chakula na dawa, na huaminiwa kwamba yakichemshwa hupoteza nguvu yake. Ya chai huchemshwa bila ubishi. Ya kunywa hunywewa mabichi. Makosa ya kampeni nyingi yalikuwa kufika kana kwamba watu wale hawakuwahi kufikiria usafi wa maziwa. Mama aliyefukiza vyombo kwa miaka arobaini aliambiwa afundishwe usafi na kijana mwenye karatasi. Ingekuwa busara kuanzia alipo: moshi umelinda chombo, haukuyagusa maziwa, vijidudu vya bruselosisi hutoka ndani ya mnyama, na dawa yake ni sufuria.

Ulaya nayo ilijifunza hatari ya chombo kisichooshika kwa gharama ya watoto wake. Katika karne ya 19 viwanda vya Uingereza na Ufaransa viliuza chupa za kunyonyeshea zenye mpira mrefu, ili mtoto ajinyonyeshe bila kushikwa. Mpira ule haukuweza kuoshwa ndani. Maziwa yalioza humo, watoto wakafa kwa kuhara, na Waingereza wenyewe wakaziita chupa za mauaji. Ufaransa ilizipiga marufuku 1910. Kabla ya hapo, 1886, mkemia wa Munich, Franz von Soxhlet, alikuwa ametengeneza chombo cha nyumbani cha kuchemshia maziwa ya mtoto yakiwa ndani ya chupa zake. Kosa la chupa ile na kosa la mtungi wa Garissa ni moja: chombo kinachofaa kazi, lakini hakifikiwi na mkono wa anayekiosha.

Pampu ya maziwa ya mama ina historia inayokaribiana na hiyo. Mmarekani Orwell Needham alipata hataza ya pampu mwaka 1854. Mhandisi wa Sweden, Einar Egnell, alitengeneza mwaka 1956 mashine ya umeme iliyokuwa ya kwanza kuwa laini kwa ziwa na kufaa hospitalini. Baadaye zikaja ndogo za mkono na za betri, na leo zinafika mpaka nyumba za Garissa kwa njia za kila namna: dukani, kwa jamaa anayetoka Nairobi, au ndani ya sanduku la shangazi anayeishi Minnesota. Wanaozihitaji ni mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa kaunti, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, na mama wa mtoto njiti aliyelazwa hospitali ya rufaa, ambaye bado hana nguvu ya kunyonya. Qurani, katika Surat al-Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na wapo wanawake wengi wanaotaka kuitimiza huku wakifanya kazi mbali na mtoto.

Ndani ya pampu kuna kila kitu ambacho dhiil haikuwa nacho: vali ndogo, kiwambo chembamba, pembe, mpira mwembamba. Hapa ujuzi wa moshi haupaswi kuhamishwa. Moshi hautafika nyuma ya vali, plastiki itaunyonya na kuharibika, na masizi hayana nafasi katika maziwa ya mtoto mchanga. Mtoto huyo hahitaji hata bakteria wazuri wa suusac waliobaki ndani ya chombo. Kinachotakiwa ni kinyume kabisa cha dhiil: chombo kisicho na kitu hai ndani yake.

Uzito wa jambo hili ulionekana Marekani. Mwaka 2016, jimbo la Pennsylvania, mtoto aliyezaliwa na wiki 29 alipata maambukizi ya bakteria aitwaye Cronobacter sakazakii yaliyofika kwenye ubongo. Alinusurika, lakini alibaki na ulemavu wa kudumu. Wachunguzi wa kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, walimkuta bakteria huyo kwenye pampu ya mama na kwenye sinki la jikoni. Vifaa vilikuwa vikilowekwa katika maji ya sabuni kwa saa nyingi, kisha vikisuuzwa tu, bila kusuguliwa wala kuchemshwa. Mama yule alidhani anaosha. Mwaka uliofuata CDC ilitoa mwongozo wake wa usafi wa pampu.

Mwongozo huo unawezekana kabisa katika nyumba ya Garissa yenye jiko la makaa na maji ya mtungi. Mikono huoshwa kwanza. Mara tu baada ya kukamua, vipande vyote vilivyogusa maziwa hutenganishwa, vali na kiwambo vikiwemo, na kusuuzwa kwa maji safi ili maziwa yasikaukie humo. Kisha huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ndani ya beseni lililotengwa kwa kazi hiyo pekee, kwa brashi isiyotumika kwingine. Sinki na beseni la sahani viachwe. Kulowekwa hakutoshi, ni kusugua kunakotoa utando wa mafuta. Baada ya kusuuzwa tena, vipande huwekwa ndani ya sufuria, maji yakavifunika, na vikachemka kwa dakika tano. Hutolewa kwa koleo safi, huanikwa juu ya taulo safi, na huachwa vikauke vyenyewe kwa hewa, pasipo vumbi wala nzi. Kitambaa cha jikoni kisiviguse, maana hurudisha kile kilichoondolewa na moto.

Mpira wa hewa haupaswi kuingia maji isipokuwa maziwa yamepenya, na mashine yenyewe hupanguswa tu. Kuchemsha huko ni muhimu kila siku kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, kwa njiti, na kwa mtoto mwenye kinga dhaifu. Maji ya mto Tana, ambayo yana matope na ambayo miaka ya kipindupindu yameleta hofu ya kweli, yafaa yaachwe yatulie, yachujwe na kutibiwa kwa dawa kabla ya kuosha nayo, hata kama baadaye vifaa vitachemshwa.

Kuhusu maziwa yaliyokamuliwa, mwongozo unasema saa nne katika joto la nyuzi 25, na siku nne ndani ya friji. Garissa hupita nyuzi 30 karibu kila mchana, kwa hiyo saa hizo nne si za kutegemewa. Kisanduku chenye barafu au friji vinahitajika, na pasipo hivyo maziwa yatumike mapema.

Kuna njia ambayo haihitaji plastiki kabisa. Mama anaweza kukamua kwa mkono ndani ya kikombe cha chuma kilichochemshwa, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe hichohicho kidogo kidogo. WHO na UNICEF hupendelea kikombe kuliko chupa, hasa penye dhiki ya maji kama kambi za Dadaab, kwa sababu iliyo wazi: kikombe kina mdomo mpana, hakina chuchu wala vali, na jicho huona kama ni kisafi. Mwanamke aliyelelewa na nyanya msukaji wa dhiil hatahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini chombo chenye mdomo mpana ni bora.

Benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa 2019 katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, na kuna nchi za Kiislamu ambako jambo hilo huzua swali la undugu wa kunyonya, swali linalostahili kujibiwa na masheikh wa Garissa na si na wahandisi. Kwa mama anayempa mtoto wake maziwa yake mwenyewe swali hilo halipo. La kwake ni la beseni, brashi na sufuria.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imewataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini, na imetaja vitu vinavyotakiwa humo: vifaa vya kunawia mikono, friji au njia nyingine ya kupozea, soketi za umeme za pampu, meza ndogo na viti vya starehe. Haikutaja mahali pa kuchemshia vifaa. Ofisi ya Garissa itakayoitii sheria hiyo kikamilifu, ikaongeza birika la umeme na beseni moja lenye alama, itakuwa imemwondolea mfanyakazi wake safari ya kubeba pampu chafu ndani ya mkoba, katika joto la saa nane mchana, mpaka jiko la nyumbani.